Mkono Uliolisha Mbu

Tubeti. Weka mezani chochote unachokipenda, mimi naweka redio yangu: ukimaliza kusikia habari hii utasema nimeitunga. Wenye digrii zao wameisikia, wakacheka mpaka wakapaliwa. Sasa mimi niliyeacha shule darasa la sita, baada ya kuona mwalimu hana jipya la kuniambia, nitungie wapi kitu kama hiki?

Anayehusika ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu. Kazini wanamwita Mkono. Ni mtafiti wa chuo kikuu, maabara ya mbu. Sisi wengine tunawaua, wao wanawafuga: mbu safi wasio na ugonjwa, ndani ya vizimba vya wavu, wa kujaribia dawa. Na mbu jike hatagi mpaka anywe damu, kwa hiyo lazima apatikane wa kumlisha. Mlishaji alikuwa shemeji. Kila asubuhi alikunja shati, akapitisha mkono kwenye tundu la kitambaa, akakaa hapo anasoma gazeti huku ananyonywa.

"Nina wake wenza elfu mbili," dada yangu alikuwa akisema, "na wote wanatangulia kula."

Miaka nenda miaka rudi, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Anafanya utafiti wa watu wengine, na kwenye ripoti jina lake linaburuzwa mwisho kama mkia wa kondoo. Mtu huyu duniani alitaka kitu kimoja tu: utafiti wake mwenyewe, wa swali aliloliuliza yeye.

Basi chuo kikafungua ofisi ya kuwainua watafiti wa mkataba. Kila mtu akapewa mshauri, akapewa na siku za kwenda kujifunza ambazo bosi hana ruhusa ya kuzigusa. Mshauri wa shemeji alikuwa mama mmoja mpole wa sauti, mkali wa maneno.

"Unataka kuwa nani?" akamuuliza.

"Mtafiti."

"Kwani sasa hivi wewe nani?"

"Mkono, mama."

Mama akavua miwani. "Kituo cha utafiti cha mji wa pili wana nafasi ya kudumu. Atakayeipata anaongoza utafiti wake. Utakwenda mafunzo, halafu utakuja hapa nikufanyie usaili wa majaribio. Siku hiyo usinitegemee, nitakuwa adui yako."

Profesa, bosi wake pale maabara, aliposikia, uso ukamkunjamana kama shati la mseja.

"Kijana, ukiondoka hawa atawalisha nani?"

"Sungura wapo, Prof."

Shemeji akaenda mafunzoni, jengo la ng'ambo ya uwanja. Huku maabara kulikuwa na msaidizi, mama mtu mzima ambaye wote walimwita Shangazi. Akatia mkono wake kizimbani. Hakuumwa. Wakaleta sungura, wakamnyoa tumbo vizuri, mbu hata kumtazama. Profesa mwenyewe akakunja shati. Wapi! Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Wangeniita mimi mambo yangekuwa mengine, damu yangu ni asali, ila hakuna aliyeniita.

Mpaka hapo ni kichekesho. Aliyeacha kucheka wa kwanza ni Shangazi. Aliona mbu wote wametua upande mmoja wa kizimba, wavu umekuwa mweusi. Akakigeuza kizimba. Wakaruka, wakazunguka, wakatua tena upande uleule wa chumba, upande wa uwanja. Mchana wakaanza kuhama. Taratibu, bila kuruka, wanatembea kwa miguu juu ya wavu, kona hadi kona. Walipofika upande wa nyuma wakatulia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Shemeji huyo.

"Umepita wapi?" Shangazi akauliza.

"Nyuma. Kwani kuna nini?"

"Toka nje, mwanangu. Zunguka utakavyo, usiniambie unakwenda wapi."

"Shangazi leo umekunywa nini?"

Akatoka anacheka. Akashuka ngazi, akaenda mpaka bomba la maji, akasimama kidogo, akapita nyuma ya stoo, akarudi. Shangazi akamtajia njia yake yote, na pale bombani alipotua. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Umenichungulia dirishani."

"Dirisha gani, na yote yamefungwa?" Akaonyesha kizimba kwa kidevu. "Hao ndio wamenichungulilia."

Shemeji akasema ni harufu. Kizimba kikahamishiwa chumba cha vioo kisichopitisha hewa ya nje. Haikubadilisha kitu. Akasema basi wamemzoea. Mayai yakapelekwa kutotolewa mbali naye, Shangazi akiyalea. Viluwiluwi wakakua, mbu wapya wakachomoka majini, hawajaonja damu ya mtu yeyote. Mabawa hayajakauka vizuri, wakageukia anakokaa.

Siku ya usaili wa majaribio mama mshauri alikunja uso kweli kama adui.

"Utafiti wako unauliza nini?"

Shemeji akamwaga alichokariri kuhusu dawa. Mama akapiga mwayo.

"Hilo ni swali la profesa wako. Lako liko wapi?"

Shemeji akafunga daftari lake. Halafu akamweleza, tangu sungura hadi wale wachanga. Mama alikuwa anaandika, kalamu ikasimama.

"Na sasa hivi wako upande gani?"

"Huu, mama. Wanatutazama."

Mama akasogeza kiti chake kando.

Kwenye usaili wenyewe alisema hayohayo. Wakubwa wa kituo hawakucheka. Walitoka, wakarudi, mwenyekiti akamwambia nafasi ni yake, utafiti ni wake, jina lake litatangulia. "Ila vizimba vinakuja na wewe. Na hawali kwa mwingine, kwa hiyo utawalisha wewe. Tunaongelea maisha yako yote ya kazi. Kafikirie."

Nyumbani dada yangu alimsikiliza mpaka mwisho huku anakunja nguo za watoto.

"Kataa, baba watoto."

"Swali ni langu, mke wangu. Kwa mara ya kwanza ni langu."

"Sawa, swali ni lako. Na wewe ni wa nani?"

Shemeji akaenda kulala. Kesho yake akaenda maabara kuwaaga, ndivyo alivyomwambia Shangazi. Chumba cha mbu siku zote kina mlio, ule unaokunyima usingizi, mara elfu mbili. Siku hiyo kimya. Mbu wote wametulia kwenye wavu, mabawa hayatikisiki. Akasogea. Hawakuwa wametapakaa. Walikuwa wamejipanga: kiganja, vidole vitano, na sehemu ya mkono mpaka kwenye kiwiko.

Shangazi alisimama mlangoni, akamvuta shati. "Twende, mwanangu. Twende zetu."

Shemeji akautoa ule mkono wa Shangazi taratibu, kama mtu anayemwondoa mtoto mapajani. Akatoa simu, akampigia mama mshauri.

"Mama, waambie nimekubali."

Halafu akakunja shati. Ndipo mlio ukaanza.

Mimi niliwaambia watu wote mtaani kwamba atakataa. Nilikosea.