Mume Wangu Alivua Kambare wa TV, Akamfukuza Mama na Samaki Wake

Admin, ficha jina langu kabisa, watoto wangu wanasoma hii page. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu. Kwetu ni upande wa ziwani, lakini miaka ya tisini niliolewa na Mkipsigis hapa karibu na Kiptere, upande wa mashamba ya chai.

Mume wangu alikuwa karani wa kituo cha majani chai. Tangu nifike, samaki hakuingia kwa nyumba yake. Alisema ni nyoka wa maji, na mimi nikanyamaza kwa sababu ya mapenzi. Halafu akanunua mchezo wa TV, ule wa kuchomeka kaseti, wa kuvua samaki. Akazama. Kwa huo mchezo kuna mchana na usiku, na kambare mkubwa hutoka usiku tu. Basi saa sita mchana ungempata amefunga pazia, anangoja giza la TV. Ng'ombe wanalia hawajakamuliwa, mwenye boma anavua.

Kwetu mama mkwe haendi kwa mkwe hivi hivi, hualikwa. Mume wangu alimwalika mwenyewe. Mama akashona nguo mpya, akaja na kambare wa kukaushwa kwenye kikapu. Aliingia akasimama. Mume wangu hakugeuza hata shingo.

"Hiyo kitu inanuka, toa nje," akaniambia, vidole vinabonyeza mbio.

Mama akatazama TV, akamwuliza mkwe wake kwa heshima, "Baba, huyo si kambare?"

"Eeh, na ni mkubwa. Nimemtafuta wiki mbili."

Mama alibeba kikapu chake akaenda. Tumezungukwa na majani chai pande zote, na mama yangu hakupata hata kikombe. Nikikumbuka yule bwana akichekelea samaki wa kioo, naona kinyaa. Nimemzalia watoto wanne na hicho kinyaa hakijaisha.

Sasa posa ya binti yetu, ile koito, ni Desemba, na anataka nyanya yake awepo. Mume wangu anasema, "Mwambie tu akuje. Hiyo ilikuwa utoto." Hajawahi kuomba msamaha. Nilipompigia mama, alisema, "Nitakuja, nyathina, mtoto wangu. Lakini safari hii atanisalimia?"

Nilidanganya kwamba network ni mbaya, nikakata simu. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mama bado anangoja. Nimjibu nini?