Kibao cha Mwanarusi

Watu wa Kinondo walisema hasira za Mwanarusi ni za kurithi, kwa sababu bibi yake mzaa mama aliwahi kumtoa mpimaji wa ardhi shambani mwake kwa mwiko uliotoka motoni. Mwenyewe hakukubali. "Hasira hairithiwi," alikuwa akisema. "Hasira hutiwa. Umekaa na shughuli zako, mtu anakuja, anakutia." Na aliyemtia hasira iliyokuja kusimuliwa mpaka Msambweni alikuwa Griffin, nahodha wa michezo wa hoteli ya huko Diani alikofanya kazi Mwanarusi. Alimtia kwa kibao.

Si kibao cha kofi, wala kile cha kusukumia chapati. Kibao cha pikoboli, mchezo wa wawili kwa wawili, wavu mfupi katikati na mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu. Wageni ndio waliouleta hotelini. Uwanja wa zamani wa tenisi ukachorwa mistari mipya, na jioni, wageni wakiwa wamekwenda kuoga, wafanyakazi wakaruhusiwa kucheza.

Mwanarusi alikuwa dobi. Kazi yake ilikuwa mashuka na mataulo, ndani ya chumba chenye mvuke ambacho hata ukuta wake hutoka jasho. Shuka la kitanda kikubwa likitoka mashineni huwa zito kama kuni mbichi. Wenzake walilikunjua wawili wawili, yeye alilishika pembe mbili akalikung'uta peke yake, paa! mpaka waliokuwa chumba cha pili wakageuka. Zamani alipokuwa shule alicheza netiboli, akaaminika. Alipoolewa akaacha. Hakuna aliyemkataza, watu walianza tu kumtazama kwa jicho la "wewe bado?" naye akachoka kutazamwa.

Aliyemrudisha uwanjani ni Roselyne wa mapokezi, mwanamke wa Kakamega mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Siku moja alikosa mwenzake wa kucheza, akaingia udobini. "Dada Mwanarusi, njoo usimame tu upande wangu. Usipige hata mmoja, sawa?"

Akaenda kusimama. Mpira ukamjia, akaurudisha. Ukaja mwingine, akaurudisha kwa ukali zaidi, na aliyekuwa ng'ambo ya wavu akaukwepa badala ya kuupiga. Roselyne akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ikawa kila akimaliza zamu Mwanarusi yuko uwanjani, suruali chini ya dera, hijabu ameifunga nyuma ya shingo, na wapishi wakija kutazama.

Yakatangazwa mashindano ya wafanyakazi wa hoteli za pwani ya kusini. Hoteli ikanunua vibao vipya, na Griffin akaita timu ili avigawe. Alikuwa kijana mrefu kutoka bara, mchezaji mzuri kweli, asiyesalimia mtu aliyemzidi umri mpaka asalimiwe yeye. Wanaume akawapa vibao vyeusi. Alipomfikia Mwanarusi akachomoa kimoja chepesi, chembamba, rangi ya waridi.

"Mathe, hii ni yako. Ni ya kina mama, haitakuchokesha."

"Mimi napiga kwa nguvu," Mwanarusi akasema. "Nipe kizito nijaribu."

"Nguvu tuachie sisi. Wewe kazi yako ni kukaa jikoni."

Katika pikoboli, lile eneo la karibu na wavu huitwa jikoni, na ukiwa umelikanyaga huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Kila aliyekuwapo alijua hivyo. Lakini kila aliyekuwapo alijua pia Griffin alikuwa amesema nini, na wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akaongeza kuwa mwanamke wa pwani jikoni ndiko kwake, hata uwanjani. Mwanarusi aliona masikio yakimwaka chini ya hijabu. Alitaka kujibu, jibu likamkwama, na jioni nzima likabaki limemkwama hapo hapo.

Akakichezea kile cha waridi kwa kuwa ndicho alichopewa. Hakikumfaa. Mpira wa nguvu ukija, kilipinduka mkononi kama sahani ya bati. Akipiga yeye, mpira ulikwenda ukiyumba ukaanguka kwenye wavu. "Si nilikuambia ukae jikoni?" Griffin alipaza sauti kutoka pembeni, na akairudia kila siku ya mazoezi, mpaka hata wageni waliokuwa wakipita wakaanza kutabasamu bila kujua wanatabasamia nini.

Siku moja Mwanarusi hakuvumilia. Griffin alikuwa amekiacha kibao chake mwenyewe kwenye benchi, cheusi, kizito kichwani. Mwanarusi akakichukua bila kuomba, akaingia uwanjani, akapiga. Mpira wa kwanza uligonga mstari wa nyuma ukalia kama risasi. Wa pili hivyo hivyo. Akapiga na kupiga, kila mpira akiuona una uso na uso ni ule ule mmoja, na wala hakusikia kiwiko kikianza kumchoma.

"Weka chini!" Griffin alikuja mbio. "Wewe, nani alikwambia uguse kitu changu? Hiyo ni ya watu wanaojua mchezo. Si ya kufulia nguo!"

Roselyne alifumba macho. Mwanarusi akakiweka kibao kwenye benchi taratibu, kwa sababu alijua akikiweka kwa haraka angekivunja. Kilichomuudhi zaidi kuliko tusi ni kuwa alikuwa na kosa. Kitu cha mtu huombwa. Alikuwa amempa Griffin haki ndogo ya kuja nayo mbele za watu, na Griffin akaitumia yote.

Kesho yake kiwiko hakikunyooka. Alikamua taulo moja, machozi yakamlengalenga. Jioni, mumewe Swabir, dereva wa tuktuk wa Kona ya Musa, alimkuta amekaa kibarazani ameukumbatia mkono kama mtoto mgonjwa.

"Achana nao, mama Hafsa," Swabir akasema. "Mchezo ni starehe. Starehe gani hii ya kurudi nyumbani umenuna?"

"Kwa hiyo na wewe waona nikae jikoni?"

"Mimi nimesema hivyo?"

"Umesema niache. Ni neno lile lile, wewe umelipaka sukari."

Swabir alikuwa mtu wa kukubali kosa polepole, kama anayeteremka ngazi gizani. Akaingia ndani, akarudi na mafuta ya karafuu, akaanza kumkanda kiwiko. "Kile kizito kilikufaa?" akauliza mwishowe.

Mwanarusi alitaka kusema ndiyo. Akakumbuka jinsi mipira ya karibu na wavu ilivyompita kabla hajakinyanyua. "Hakikunifaa," akasema, na kusema hivyo kukamkasirisha upya. "Nilikitaka kwa kuwa alininyima."

"Basi Jumamosi nitakupeleka Ukunda. Kuna binti anauza vifaa vya michezo. Utafute chako."

Binti mwenyewe aliitwa Gillian, mzaliwa wa Nairobi, na duka lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba wateja wawili hawakupishana. Mwanarusi alisalimu, akaonyesha ukutani. "Nataka kibao kizuri."

"Auntie, hakuna kizuri hivi hivi tu. Wewe unacheza aje? Ni mtu wa kupiga, ama wa kuweka mpira polepole?"

Wengi walikuwa wamemwambia Mwanarusi anavyocheza. Kumuuliza, huyu ndiye wa kwanza. Akaona hasira ikimpanda juu ya binti wa watu asiye na hatia.

"Nacheza kama ninavyocheza! Ningejua ningekuja kwako?"

Gillian hakuudhika. Akavua vibao vitatu ukutani, akampeleka nyuma ya duka kwenye ukuta mtupu. "Basi piga tuone. Mimi mwenyewe si mchezaji mkali, lakini nimeona watu wakirudisha vitu hapa wakilia. Hiki kizito kinakupa nguvu, lakini kwa wavu kinachelewa. Chepesi kinawahi, ila mpira mkali ukikigonga kinatetemeka, na hiyo kutetemeka inaishia kwa kiwiko."

Mwanarusi akapiga ukutani, kwanza kwa kujihurumia, kisha akasahau. Mpira ukamjia upande wa kushoto, na bila kufikiri akaleta mkono wa pili, akaupiga kwa mikono miwili.

"Ngoja," Gillian akasema. "Rudia hiyo. Hiyo ya mikono mbili nani alikufunza?"

Hakufunzwa na mtu. Ndivyo alivyokung'uta mashuka. Lakini kwenye vibao vyote alivyowahi kushika, mkono wa pili haukuwa na pa kukaa. Mpini ulikuwa mfupi, vidole vikapanda juu ya bapa, akajifunza kujizuia. Gillian akaingia ndani akatoka na kibao cha nne: mpini mrefu, mwembamba wa kutosha viganja vyake, uzito wa kadiri, bapa nene lenye kuumeza mshindo. Rangi yake ilikuwa ya udongo. Mwanarusi akapiga kwa mikono miwili na kiwiko hakikusema neno. Akapiga tena, safari hii polepole, mpira ukagusa ukuta ukarudi miguuni pake kama kuku anayeitwa.

Hakufurahi. Swabir, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishangaa kumwona mkewe amekunja uso kuliko alivyokuja.

"Kumbe kilikuwapo," Mwanarusi akasema. "Wakati wote ule nachekwa, kilikuwapo hapa Ukunda."

Akakinunua, akakifungia ndani ya kanga.

Siku ya mashindano Griffin alikiona kabla ya kumwona mwenyewe. "Hiyo ni nini? Timu inacheza na vifaa vya timu."

"Vya timu vimekwisha kuniumiza."

"Basi huchezi."

Mwanarusi hakusogea. Roselyne, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutuliza mambo, akakiweka kibao chake cha waridi kwenye benchi karibu na mkono wa Griffin. "Na mimi sichezi. Tafuta kina mama wengine." Hapakuwa na wengine. Wapinzani walikuwa wamekwisha kuingia uwanjani, mwamuzi anatazama saa, meneja wa hoteli ameketi mbele na wageni. Griffin akatafuna kitu kisichokuwa kinywani mwake, akasema, "Ingieni."

Wakaingia, wakashinda mchezo wa kwanza, wakashinda na wa pili. Roselyne aliweka mipira ya hila karibu na wavu, na wapinzani walipoinua mpira kwa kubabaika Mwanarusi aliukung'uta, paa! mikono miwili, hijabu ikitikisika. Wapishi waliimba jina lake. Wanawake wa usafi waliacha ndoo wakaja.

Fainali walishindwa, na heri isemwe ilivyokuwa. Pointi zikiwa sawasawa, mpira ulielea mwepesi juu ya wavu, na Mwanarusi akamwona Griffin pembeni amekunja mikono. Akaupiga kwa ghadhabu yote aliyokuwa nayo. Ulikuwa mpigo mzuri kuliko yote ya siku ile, lakini nguvu zake zikamvuta mbele, mguu ukakanyaga mstari wa jikoni. Mwamuzi akainua mkono. Kosa. Pointi iliyofuata ikaenda kwa wapinzani, na mashindano yakaisha.

Roselyne akamkumbatia. Mwanarusi alijikasirikia mwenyewe, akaukasirikia mguu wake, akamkasirikia Griffin kwa kuwamo kichwani mwake mahali ambapo mpira peke yake ndio ungepaswa kuwamo.

Labda yangeishia hapo. Lakini meneja alikuja kuwapa mikono, akakishika kile kibao cha rangi ya udongo akakigeuzageuza. "Hiki ni tofauti. Umekipata wapi?"

Kabla hajajibu, Griffin akadakia. "Nilimchagulia mimi, bosi. Niliona stayli yake inataka mpini mrefu."

Neno lililokuwa limemkwama Mwanarusi tangu siku ya vibao likapata njia.

"Mwongo!" Sauti ilifika mpaka kwenye bwawa la kuogelea. "Wewe ulinipa kibao cha kitoto ukaniambia nikae jikoni, watu wakacheka. Nilipogusa chako ukaniambia hakikuumbwa kwa watu wa kufua nguo. Hujaniuliza hata siku moja nachezaje. Nilikosea kuchukua chako bila ruhusa, na kwa hilo nakuomba radhi hapa mbele za watu. Haya, na wewe omba!"

Griffin akatazama chini, akatazama wageni, akacheka kicheko kifupi kisichopata mwenza. Hakuomba. Meneja akasema mambo ya timu yazungumzwe faraghani. Keshoye Mwanarusi akaitwa ofisini, akaambiwa ajifunze kusema na viongozi kwa adabu, hasa mbele ya wageni. Griffin naye akaitwa. Alichoambiwa hakikujulikana, lakini alibaki kuwa nahodha, na timu ilipotajwa tena jina la Mwanarusi halikuwamo.

Roselyne akakataa kucheza na mwingine. Wakatafuta kwao wenyewe pa kuchezea, sakafu ya saruji nyuma ya shule moja huko Kinondo, wavu wakafunga wa samaki uliochakaa. Wanawake watatu wa udobini wakawafuata, kisha na muuza samosa. Hata Swabir alijaribu, akashindwa vibaya na mkewe, akasema ni jua.

Wenye kupenda suluhu walimuuliza Mwanarusi kama amesamehe. Alijibu kuwa msamaha una mwenyewe wa kuuomba, na bado hajafika. Nguo za timu zilipoletwa udobini alizifua kama nguo nyingine, akazipiga pasi zikanyooka, kwa kuwa kazi ni kazi. Ya Griffin aliikunja kola ikakaa sawa. Kisha akaiweka kando juu ya meza, akageuka, na mwenyewe alipokuja kuichukua akamwitikia salamu yake, kwani safari hii Griffin ndiye aliyeanza kusalimu, lakini uso hakumgeuzia.

"Shikamoo," Griffin alikuwa amesema.

"Marahaba," Mwanarusi akasema, na akaendelea na shuka lililokuwa mikononi mwake.