Dole Gumba la Bwana Prentiss

Verlene Sturdivant hakuweza kufundisha akiwa amekaa. Wanafunzi wake, pale kusini mwa Memphis, walisema hata msibani bega lake la kushoto hutafuta mdundo. Kanisani alikolelewa ndiko alikojifunza kuiongoza kwaya kwa mikono, na shuleni akaendelea vivyo hivyo: kiganja kikishuka, pozeni; dole gumba likielekea juu, pandisheni wimbo ngazi moja.

Siku hiyo alikuja Bwana Prentiss, mkubwa wa elimu, kuamua kama nyimbo za injili ni somo au ni kelele za Jumapili. Asiporidhika, darasa la Verlene linafungwa.

Akasimama nyuma ya mwalimu. Watoto wakaanza na wimbo wa mashamba ya pamba, polepole, kama mtu anayemnong'oneza Mungu. Kisha piano ya Shemasi Lavon ikachangamka, makofi yakaingia, na mguu wa Bwana Prentiss ukamsaliti, ukaanza kupiga mdundo. Kwa furaha akainua dole gumba: safi!

Kwaya ikapanda ngazi moja.

Verlene akashtuka, yeye hakuagiza. Akashusha kiganja. Wakapoza, ila kule kule juu. Wimbo ukamnogea zaidi Bwana Prentiss, akainua madole yote mawili.

"Jamani, mbinguni tunakwenda kwa miguu?" akalalamika mvulana mmoja wa besi, sauti yake sasa kama ya jogoo mchanga.

"Shemasi, nani anawapandisha?"

"Huyo nyuma yako, dada! Piano inaniishia!"

Verlene akageuka. Mgeni alikuwa akilia machozi, madole juu.

"Bwana, shusha vidole!"

"Nasema vizuri sana, mama!"

"Utaniulia watoto!"

Akamrukia, akamkunja madole yote mawili ndani ya viganja. Zikawa ngumi. Na ngumi, kwa kwaya ile, ni mwisho wa wimbo. Wakanyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyokatiwa umeme.

Bwana Prentiss akazitazama ngumi zake. "Wamenitii! Nyumbani hata paka hanitii."

"Haya, ni somo au kelele?" Verlene akauliza.

"Somo, mwalimu. Darasa libaki. Na mimi uniandikishe."

"Aandikishwe," wakadakia wasichana wa sauti ya kwanza, wakihema, "lakini mikono aiweke mfukoni!"