Jina Lililoonekana Dirishani

Jumatatu, kwenye ofisi moja huku mtaani Jabe, tukiwa foleni mbele ya dirisha, kompyuta ilimkatalia karani neno lake la siri mara tatu. Akamgeukia bwana wa meza ya pili: "Ni wewe umelibadilisha!"

"Apana, mama. Mi sijagusa kitu."

Fundi akaja, akaigeuza skrini upande wa dirisha. "Liandike huku juu, mahali pa jina, tuone herufi."

Karani akibonyeza A, inatoka Q. Mashine ilikuwa inasoma klavie, yaani kibodi, ya Kifaransa kama ya Kiingereza. Fundi akarekebisha.

"Andika tena."

Akaandika. Foleni nzima tukasoma jina lile lile lililo kwenye beji ya bwana aliyeshutumiwa. Karani akafunika skrini kwa mkono wenye pete ya ndoa, akatutazama mmoja mmoja.

Nilifuata cheti. Nashuku hakitatoka.