Jogoo wa Baba Wendri na Jogoo wa Shemeji

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, kabla hajajibu hata salamu, Baba Wendri humtoa jogoo wake tengani, humpakata, na kumkanda mapaja kwa dole gumba. Kisha humlisha mahindi punje moja moja, akizipepeta kwa pumzi. Akimaliza, humweka na tenga lake kando ya barabara, ati azoee watu.

"Mgongo unaniuma tangu juzi," alisema Mama Wendri akichochea moto.

"Pole," alijibu mumewe, akimpulizia jogoo manyoya ya shingo.

Pole! Paa la jiko lilikuwa linavuja mvua tatu sasa, na tenga la jogoo lilikuwa limeezekwa upya.

Lakini hayo alikwisha kuyazoea. Lililomkosesha raha ni sikukuu ya hekalu. Sharti damu imwagike chini, mapambano matatu ya majogoo, ili mashetani wa ardhini washibe na kuiacha sherehe kwa amani. Mwaka huu kijiji kiliwaalika wenye majogoo wa ng'ambo ya mto. Huko ndiko Mama Wendri alikozaliwa, na jogoo mkali wa huko alikuwa wa kaka yake, Made Rundung. Baada ya mavuno mifupa ya baba yao ingefukuliwa ichomwe, roho yake iende zake. Binamu yake, ambaye jogoo wa mumewe alimuua jogoo wa wakwe uwanjani, hadi leo akienda kwao hakaribishwi hata maji. Naye Mama Wendri angeiagaje mifupa ya baba yake kwa kuchungulia ukutani?

"Baba Wendri, usipigane na kaka."

"Mtu hashindanishi jogoo na wa ukoo wake. Hilo nalijua."

"Basi."

"Basi nini? Kaka yako si ukoo wangu, ni wa kijiji kingine. Wakitulinganisha nikakataa, watasema kilemba changu unakifunga wewe."

"Nikikifunga mimi kitakaa sawa, angalau!"

Alisema naye wakati wa kula, alisema naye shambani, alisema naye akiwa amempa mgongo. Jibu lilikuwa mkono ukikanda paja la jogoo.

Siku ikafika. Wanawake hawaingii uwanjani, hivyo Mama Wendri alitandika meza yake ya kahawa na ndizi za kukaanga ukutani mwa hekalu, akawa anachungulia kati ya migongo ya wanaume. Mapambano mawili yakaisha. Kwa la tatu, majogoo waliolingana wakabaki wawili tu. Aliwaona mumewe na kaka yake wamechuchumaa, wamebadilishana majogoo kama ilivyo desturi, kila mmoja akimpima wa mwenzake mikononi. Sukari ikammwagikia mezani.

Kisha mumewe akamrudisha jogoo wa watu. "Huyu mwepesi, hawalingani," akasema.

Uwanja ukalipuka. "Mwepesi? Au mkeo ndiye mzito?" "Mpeni kahawa huyo, amechoka!" Mzee mmoja akaruka na jogoo wake mwekundu kuokoa sikukuu, akapangiwa mwingine wa ng'ambo ingawa hawakulingana sana, na damu ikamwagika ipasavyo.

Baba Wendri akaja mezani, jogoo kwapani, masikio mekundu. Hajakaa vizuri, Made Rundung akatokea akipumua kama nyati.

"Shemeji! Jogoo wangu mwepesi? Nimemlisha mayai mwezi mzima, uniaibishe mbele ya watu?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema wako ni mdogo!"

"Wangu si mdogo."

"Ndiyo maana nakuuliza!"

"Kaka, kaa," alisema Mama Wendri, akamsukumia kikombe kwa nguvu hadi kahawa ikaruka. Haya sasa: damu imeepukwa, na bado atampoteza kaka kwa uzito wa kuku!

Made Rundung akaketi, akanywa, akala ndizi mbili bila kuulizwa. Akamtazama shemejiye kwa jicho la pembeni, akacheka puani.

"Dada, siku ya baba mje mapema. Kuna nguruwe wa kuchinja, na huyu mumeo ana mikono mizuri ya kupimia uzito."

Alipoondoka, Mama Wendri akamgeukia mumewe.

"Siku zote hizo umeniacha nahangaika. Kwa nini hukuniambia kwamba utakataa?"

Baba Wendri akaanza kumkanda jogoo paja.

"Hata mimi nilikuwa sijui," akasema.