Kichwa cha Nashipai

Mwezi uliopita nilipita mbele ya duka la dawa za mifugo hapa Wasso ninakofanya kazi, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ikanishika kooni. Muuzaji alikuwa akimpimia mteja, na matone machache yalikuwa yamemwagikia mezani. Kwa mfugaji harufu ile ni ya heri, maana kupe watakufa na ndama watapona. Mimi nilishika ukuta nikitweta, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nina mimba.

Ngoja niwaambie. Tuliishi Karatu, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja na mdogo wangu Nashipai saba. Baba, Mmasai wa Olbalbal, aliendesha magari ya watalii, na siku nyingi alikuwa kreta, kule bondeni kwa wanyama, na wageni wake. Mama alitoka Kilimanjaro na aliuza mitumba. Shule yetu ilikuwa mojawapo ya chache zilizoruhusu wasichana kufuga nywele, ilimradi zisukwe. Kwa hiyo pale kwetu kipara kilikuwa na maana moja tu: huyo amekutwa na chawa. Nasema chawa wenyewe, si hawa wa siku hizi wanaosifia wakubwa mitandaoni.

Asubuhi za Karatu zina ukungu na baridi ya kuuma masikio, hivyo sote tulivaa kofia za sufu. Darasani zilitundikwa kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango, na wakati wa kutoka kila mtoto alivaa iliyomjia mkononi. Kila Jumatatu mwalimu wa zamu alipitisha ncha ya penseli nyuma ya masikio yetu. Jumatatu moja penseli ilisimama kwa Nashipai.

Mama alimpaka dawa ya dukani, akamchana kwa chanuo la meno membamba mpaka mtoto akalia. Baada ya wiki mbili chawa walirudi. Mama akarudia. Walipoonekana mara ya tatu, mwalimu alisema asirudi shuleni bila kunyolewa. Mama alilia kuliko Nashipai, akaapa kwamba wembe hautagusa kichwa cha mwanawe.

Sasa niseme nisichowahi kusema pale nyumbani. Kichwa changu nacho kilikuwa kikiwasha, tangu kabla ya mara ile ya kwanza. Nilikuwa nimejifunza kujisuka mabutu mwenyewe, na Mama aliona fahari kwamba nimekua, hakunikagua tena. Kila Jumatatu niliamka mapema nikawatoa mmoja mmoja nyuma ya masikio, pale penseli ilipopenda kupita. Kisha usiku nililala kitanda kimoja na mdogo wangu, vichwa vikigusana kwa ajili ya baridi.

Wiki hiyo koko, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa baba, alikuwa amekuja kununua dawa ya kupe. Macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Siku ya mnada Mama alikwenda kuuza, akatuacha naye. Koko aliposikia habari za shule aliguna. Yeye angenyoa na kumaliza, kama walivyonyoa wanawake wote kwao. Lakini mkwewe alikuwa ameshakataza wembe.

"Hii dawa naua kupe ya ng'ombe," alisema, akifungua chupa. "Chawa ni kitu gani?"

Alichanganya kifuniko kimoja na maji kidogo kwenye sufuria, nami ndiye niliyeishika. Akamkalisha Nashipai katikati ya magoti yake, akafumua nywele na kumpaka kwa kitambaa, polepole, kwa upendo, akiimba. Harufu ilinichoma macho. Moyo wangu uliniambia jambo hili si jema. Kisha koko akanigeukia.

"Na wewe? Leta kichwa."

"Mimi sina, koko."

Nashipai aliinua macho akanitazama, nami nikatazama sufuria. Koko akaniamini. Akamfunga mdogo wangu mfuko wa nailoni kichwani, akamwambia akae juani ili dawa iingie.

Kwanza Nashipai alianza kutema mate, mengi, yakimchuruzika hadi kwenye gauni. Nikadhani anacheza. Kisha akatapika, na misuli ya mashavu ikawa inamchezacheza yenyewe. Nilipomwinamia, mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa mpaka kubaki nukta. Nilipiga kelele sijui nikisema nini.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Mmbulu, Mama Tluway, ambaye mumewe alipiga dawa kwenye mashamba ya vitunguu. Harufu alikutana nayo getini. Alirarua ile nailoni, akammwagia maji ndoo nzima na sabuni, akamvua nguo, akapanda naye bodaboda kuelekea hospitali, akiwa pekupeku. Siku mbili hatukujua kama Nashipai atabaki hai.

Alibaki. Muuguzi akamwambia Mama jambo ambalo leo nawaambia wazazi kila kliniki, kwa sababu nami nimekuwa muuguzi: kagueni kila kichwa ndani ya nyumba, wote wenye chawa watibiwe siku moja, rudieni baada ya wiki moja kuwamaliza wanaoanguliwa, mashuka na kofia zifuliwe kwa maji ya moto, kila mtu na chanuo lake. Mama alipofungua mabutu yangu, alishika mdomo. "Masikini," alisema, "mdogo wako ameshakuambukiza." Nikainamisha kichwa anichane.

Koko ndiye aliyebeba lawama. Kwa Wamasai mtoto humwinamia mkubwa ili aguswe kichwani, ndiyo salamu. Tangu siku ile, Nashipai alipoinama, koko alirudisha mkono nyuma na kugeuka. Aliishi miaka sita zaidi, na hakumgusa tena.

Utotoni nilijiambia kwamba chawa ni wakaidi, wanarudi tu. Ilibidi niwe mtu mzima na kuwafundisha wengine ndipo nikubali kwamba hawakuwahi kurudi. Hawakuwa wameondoka. Walikuwa kwangu, wakila na kuzaliana salama, nami niliwalinda kwa uongo wangu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni ile ya duka la dawa nilimpigia Nashipai, ambaye sasa ni mwalimu huko Soitsambu. Nilimwambia yote bila kupumua.

"Nilijua, dada," alisema. "Niliwaona kichwani kwako tangu mwanzo."

"Sasa koko aliponiuliza, mbona hukusema?"

"Ile dawa ilikuwa imeshaanza kuniunguza. Ningesema, angekupaka na wewe."