Mnara Uliokaa Kijani

Kazini walimwita Bawabu, na hakuna aliyekumbuka tena nani alianza. Alikaa mbele ya skrini tatu, katika chumba chenye baridi ya mashine, akiangalia minara ya simu ya nusu ya jiji. Watu wakijazana mahali pamoja, mnara wa hapo huzidiwa, na yeye ndiye aliyeamua nani apite na nani asubiri. Angeweza kuuongezea mnara nafasi kwa kuazima kwenye minara jirani, kazi ya nusu saa. Au angeweza kufunga programu za simu kutoka chini ya orodha ya umuhimu: michezo kwanza, kisha filamu, kisha simu za video. Simu za kawaida hazikufungwa kamwe. Orodha hiyo aliiandika mwenyewe, miaka sita nyuma, na wakubwa waliisifu.

"Bawabu, nifungulie dakika mbili tu nione goli," Ndevu, mwenzake wa meza ya pili, alimtania kila siku ya mechi.

"Kakate tiketi, bwana mkubwa."

"Kwa roho hiyo, hata peponi watakupa geti ulinde."

Sasa wiki tano zilikuwa zimepita tangu wamzike baba yake, na Ndevu hakutania tena. Msibani Bawabu hakulia. Mashangazi walimwambia lia, mwanetu, utapata nafuu. Akaitika "haya", kama mtu aliyeagizwa akazime taa.

Mama yake hakusikia tangu utotoni, na shule hakuiona. Herufi alizozijua ni za jina lake. Nyumbani walizungumza kwa mikono. Kosa lisilosameheka katika nyumba ile lilikuwa kumshika mtu mikono akiwa anaongea, maana huko ndiko kumziba mdomo. Baba alisikia, na ndiye aliyepiga simu kwa niaba ya wote wawili. Bawabu alipohama, mama alijifunza simu ya video: alibonyeza picha ya uso wa bintiye, akaegemeza simu kwenye birika, na mikono yake ikaanza kusema. Bawabu alipokuwa akiandika orodha, simu hiyo haikumjia akilini hata kidogo. Kwake haikuwa video. Ilikuwa mama.

Jumamosi ile ya kifo cha baba palikuwa na mechi kubwa kwenye uwanja wa karibu na kwa wazazi. Saa tisa mnara wa pale ukaanza kupiga kengele. Kanuni ilisema azima kwanza, ndipo ufunge. Alifunga kwanza, hadi simu za video, kwa kuwa kufunga ni kubonyeza mara moja tu. Saa tisa na nusu nafasi aliyoazima ikapatikana, tele. Kilichobaki kilikuwa kufungua. Hapo Ndevu akaingia na chai na kisa cha mkwewe aliyekwama chooni siku ya posa, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Mnara ukizidiwa hupiga kelele. Mnara uliofungwa bila sababu haulalamiki; hukaa kijani, mzuri wa kutazama. Ulikaa kijani mpaka saa kumi na moja.

Saa kumi baba alianguka jikoni. Mama alipiga simu, akapiga tena, kisha akatoka kugonga mageti ya mtaa ambao wote ulikuwa umehamia uwanjani, mpaka akampata seremala mmoja mwenye gari. Daktari alisema kuwahi kwa nusu saa kungeweza kusaidia, na pengine kusingesaidia.

Siku aliporudi kazini, Bawabu alifungua kumbukumbu za mnara. Namba ya mama ilikuwamo mara kumi na saba. Imekataliwa, imekataliwa, mpaka chini ya ukurasa. Alimwita mkuu wa zamu, mtu mwema asiyependa makaratasi.

"Kwenye ripoti andika ni mfumo, dada yangu," alisema mkuu.

"Si mfumo. Ni mimi."

"Basi andika upendavyo. Ila nyumbani usilipeleke hilo. Litamfaidia nini mama wa watu?"

Aliandika "mimi". Aliomba iwekwe kengele ya kukumbusha mnara uliofungwa bure, na programu wanayotumia viziwi ipandishwe juu ya orodha. Mkuu akasaini ombi la kwanza. La pili likabaki kungoja kikao.

Na mama naye alikuwa ameshajihukumu. Kila aliyekuja kutoa pole alionyeshwa kidole gumba: hiki ndicho kilichokosea kubonyeza. Simu aliifunga kwenye kitambaa, akaitia kabatini.

Jumapili mchana Bawabu alimkuta akikunja mashati ya baba. Birika lilikuwa jikoni, motoni.

"Umekonda," mama alisema kwa mikono.

"Nimekula."

"Nani kakuuliza kula? Nimesema umekonda." Akakunja mkono wa shati. "Wewe ni msomi. Nionyeshe, siku ile nilibonyeza wapi vibaya?"

Bawabu akaketi mbele yake, mahali penye mwanga. Akamweleza mnara, orodha, chai, kicheko. Mikono yake ilisema kama ya mtu anayesoma tangazo. Alisubiri kuhisi kitu, hakikuja.

Mama aliitazama mikono ile mpaka ikafika mwisho. Ilipoinuka tena kuomba radhi, akaishika yote miwili, akaibana juu ya shati. Hakuwahi kufanya hivyo, hata Bawabu alipokuwa mtoto mtukutu. Jikoni kifuniko cha birika kikaanza kugongagonga. Aliyekisikia ni mmoja tu, naye hakuinuka. Kiligonga mpaka maji yakaanza kumwagikia moto.

Ndipo mama akamwachia.

"Nilipiga mara ngapi?"

"Kumi na saba."

"Na zote zilifika kwako? Huko kwenye mashine?"

"Zilifika mlangoni. Zote."

Mama akakitazama kidole gumba chake, mbele na nyuma.

"Basi nilibonyeza sawa," alisema.

Akaenda kabatini, akaitoa simu kwenye kitambaa, akaiweka mezani mbele ya bintiye. Ilikuwa imezima.

"Itie chaji," alisema, akarudi kwenye mashati.